Chekeche la hisa na bei iliyolala

Msimu wa ufuta ukifika, swali la asubuhi Miono, mkoani Pwani, huwa moja: mnada uliopita umefunga kwa ngapi? Jibu hupokewa kwa tahadhari. Bei ya mnada mmoja haimwambii mkulima kama soko linapanda kweli au limeruka mara moja tu kwa sababu mnunuzi fulani alikuwa na meli inayomsubiri. Mwenye uzoefu hukumbuka kwanza minada minne mitano ya nyuma, ndipo anapofungua mdomo.

Wafanyabiashara wa hisa wana jina la kumbukumbu hiyo. Wanaiita wastani unaosogea, na hesabu yake haizidi ya shule ya msingi. Tuseme kilo ya ufuta imeuzwa kwa shilingi 3,000, kisha 3,200, 2,900, 3,100 na 3,300. Jumla ni 15,500, na wastani ni 3,100. Mnada wa sita ukifunga kwa 3,500, ile 3,000 ya kwanza inatolewa, 3,500 inaingia, na wastani unakuwa 3,200. Kila mara anayeingia humtoa aliyetangulia, kama abiria wa daladala iliyojaa.

Kwenye hisa, minada hiyo ni siku za soko, na bei inayotumika ni ile ya kufungia siku. Mmarekani Richard Donchian, aliyeanzisha mfuko wake wa uwekezaji mwaka 1949, alijulikana kwa kanuni ya kulinganisha wastani wa siku 5 na wa siku 20. Wa siku 5 una haraka, wa siku 20 ni mzito. Ule wa haraka ukiupita mzito kwenda juu, bei za karibuni zimeanza kuzishinda za zamani, na Donchian alinunua. Ukirudi chini, aliuza. Baadaye wengi walizoea madirisha marefu zaidi, siku 50 na siku 200.

Soko la New York lina maelfu ya hisa, na hakuna jicho linaloweza kuzipitia zote kila jioni. Ndiyo maana watu huandika chekeche, yaani programu fupi, mara nyingi kwa lugha ya Python au kwa fomula za Excel tu. Inasoma bei za kila kampuni, inapiga wastani mbili, kisha inabakiza majina yaliyotimiza sharti.

Mtu anayejifunza huandika hivi: kama wastani wa siku 50 ni mkubwa kuliko wa siku 200, weka jina kwenye orodha. Programu inakubali, orodha inakuja ndefu, naye anafurahi bure. Sharti hilo linakamata kila hisa iliyo juu, hata ile iliyovuka miezi minane iliyopita na sasa imechoka. Kama anatafuta siku ya kuvuka, lazima aulize kuhusu siku mbili: jana wastani mfupi haukuwa juu ya mrefu, na leo uko juu. Ni kama kumtafuta mtu anayeingia mlangoni. Ukihesabu waliomo ndani, humpati.

Kosa jingine halimo kwenye sharti, limo kwenye bei zenyewe. Mwaka 2009 Equity Bank ya Kenya iligawa kila hisa yake kuwa 10, kama benki ya KCB ilivyofanya mwaka 2007. Mwenye hisa moja alijikuta na 10, kila moja ikiwa na takriban sehemu ya kumi ya bei ya jana. Hakuna aliyepoteza kitu. Lakini programu isiyoambiwa inaona benki imeporomoka kwa asilimia 90 usiku mmoja, na wastani wa siku 200 unabaki na uongo huo kwa miezi. Bei za kabla ya mgawo lazima zigawanywe kwa 10 kwanza.

Hayo yote yamo kwenye vitabu vya kigeni. Ambalo vitabu hivyo havina sana ni Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Soko hilo lilianza mauzo Aprili 1998, TOL ikiwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa. Hadi leo orodha yake, pamoja na kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia huku, inaenea kwenye ukurasa wa daftari. Kijana wa Miono mwenye simu anaweza kununua kwa programu ya Hisa Kiganjani bila kupanda basi hadi Dar. Akiamua kuandika chekeche lake, wingi wa kampuni hautamsumbua. Kitakachomsumbua ni usingizi wa bei.

Vodacom Tanzania iliingia sokoni Agosti 2017, baada ya kuuza hisa zake kwa shilingi 850. Baadaye bei ikatua kwenye 770, na ikakaa hapo kwa muda mrefu mno. NMB nayo, benki inayotengeneza faida kubwa, ilikaa kwenye 2,340 kipindi kirefu kabla haijaanza kupanda. Siku ambayo hakuna auzaye wala anunuaye, bei ya jana huandikwa tena kama ya leo. Kwenye kompyuta inaonekana ni bei ya leo. Kiuhalisia ni kimya.

Sasa tazama chekeche linavyodanganyika. Hisa imelala kwenye 2,340 kwa siku 200, kwa hiyo wastani zote mbili ni 2,340. Mwandishi aliyeweka alama ya "kubwa au sawa" badala ya "kubwa kuliko" ataiona kwenye orodha kila jioni. Aliyeandika vizuri hatoki salama pia. Tuseme siku moja hisa chache zinauzwa kwa 2,400. Wastani wa siku 50 unapanda kwa shilingi 1.20, wa siku 200 kwa senti 30, na papo hapo mvuko umepatikana. Kule New York mvuko wa namna hii huitwa msalaba wa dhahabu. Hapa umeletwa na mtu mmoja aliyekuwa na haraka.

Kwa hiyo kwa soko letu, sharti la kwanza kuandikwa lisiwe la wastani hata kidogo. Liulize kwanza hisa imeuzwa kweli siku ngapi kati ya 50 zilizopita, na kwa wingi gani. Kama hazifiki, tuseme, 30, jina litupwe kabla hesabu nyingine haijaanza. Njia nyingine ni kuacha siku na kutumia bei ya mwisho wa wiki, wiki 10 dhidi ya wiki 40, ili wanunuzi wachache wapate muda wa kujitokeza.

Benki ya CRDB ni mfano wa hisa ambayo chekeche kama hilo lingeweza kuishika. Iliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150, na mwanzoni mwa 2020 ilikuwa chini ya bei hiyo. Mwisho wa 2022 ilikuwa imezidi mara mbili ya 150, na ilipanda huku ikinunuliwa na kuuzwa kwa wingi. Hata hivyo wastani usingemnunulia mtu pale chini kabisa, kwa sababu lazima bei ipande kwanza ndipo wastani ufuate. Na kila akiingia na kutoka, ada ya dalali inakatwa mara mbili.