Kampeni Huisha, Malenga Hubaki

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili, na maana hizo zimewahi kunitia aibu. Diwani ni mkusanyo wa mashairi. Na diwani ni mjumbe aliyechaguliwa na watu wa mtaa wake akawasemee katika baraza la mji. Mwaka 1992 mtu aliyetaka kuwa diwani alinijia mimi, kijana niliyetamani kuwa na diwani. Yaliyopita baina yetu nataka kuyaungama leo, kwani nawaona watunzi vijana wakiishika njia ile ile.

Hapa Pwani siasa na shairi hazikujuana jana. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliishi Mombasa zama ambazo Mazrui walikuwa wakishindana na Sayyid Said, hadi utawala wao ulipoanguka mwaka 1837. Beti zake zilikuwa silaha katika ugomvi huo. Mama zetu nao, katika vyama vyao vya lelemama, walijua kumwaibisha mtu kwa wimbo bila ya kumtaja jina, na kila msikilizaji akajua ni nani anayekusudiwa.

Lamu katikati ya miaka ya 1970 ndiko mambo yalikopamba moto. Katika kampeni za ubunge, Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Mau, alitunga shairi liitwalo Kimondo. Watunzi wengine wakaingia uwanjani, hawa wakisema na wale wakijibu. Beti zilitiwa katika kanda, na kanda zikasikilizwa barazani na majumbani, hata asiyejua kusoma akajua fulani kasema nini na fulani kamjibu vipi. Mashindano hayo yalivuma hata mtaalamu Assibi Amidu akayaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990.

Malumbano ya namna hiyo yana ada yake. Anayesema hujulikana, na mwenziwe ana haki ya kumjibu kwa vina vile vile. Mtu hulinena lile analoliamini, kisha akakaa kungojea jawabu. Na wako waliolipa kwa kunena. Abdilatif Abdalla aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa miaka mitatu, na beti alizozitunga gerezani zikatoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Yeye alitia neno lake rehani kwa uhuru wake. Mimi langu nililiuza kwa bahasha.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1988 tulikuwa tumepigishwa kura ya mlolongo, watu wakisimama juani nyuma ya mtu wa mgombea, kila jirani akimwona jirani yake yuko mstari gani. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikaondolewa. Mwaka uliofuata mji ulichangamka: jogoo wa KANU, simba wa FORD-Kenya, taa ya DP, na huku vijana wengi wakikifuata chama cha Kiislamu, IPK, kilichonyimwa usajili. Uchaguzi uliwekwa tarehe 29 Desemba 1992, na kila mgombea akatafuta sauti.

Huyo wangu aliwatuma watu wawili baada ya sala ya isha. Walinipa bahasha, wakanipa na maneno: nimsifu, na nisisahau maji, kwa kuwa mifereji ya mtaani kwetu ilikuwa ikikauka wiki nzima. Nilikesha. Kulipokucha zilikuwa tayari beti thelathini, na ubeti wa mwisho niliufungua mfereji kwa kalamu, maji yakamiminika mpaka kizingitini kwa kila mke wa mtaa. Shairi likatiwa katika kanda, likazungushwa vichochoroni kwa pikapu yenye vipaza sauti. Watoto walilihifadhi. Mgombea akapita.

Maji hayakuja. Mheshimiwa alihamia mtaa mwingine, na aliyetaka kumuuliza hakujua amuulizie wapi. Lakini mimi nilikuwapo. Siku moja nilimkuta jirani yetu, bi mkubwa wa umri wa mamangu, amesimama mlangoni akinunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, yale maji uliyotuimbia yamefika wapi?"

Sikuwa na jawabu. Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa chuoni, nikidhani atanifariji. Badala yake alinikumbusha Suratush-Shuaraa, mahali Mwenyezi Mungu anapowataja washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda, kisha akawatoa miongoni mwao wenye imani na vitendo vyema. Akanikumbusha na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kuwatupia mchanga usoni wenye kuvuka mpaka katika kusifu. "Ulipomsifu yule," akaniambia, "ulimtolea ushahidi. Je, ulikuwa unamjua?"

La, sikuwa namjua. Na hapo ndipo lilipo kosa langu. Kumpigia debe mtu unayemjua na kumwamini si haramu. Hassan bin Thabit alikuwa mshairi wa Mtume mwenyewe. Kosa ni kumdhamini usiyemjua kwa watu wanaokujua wewe.

Siku hizi kanda zimekwisha. Shairi la kampeni hutungwa asubuhi na adhuhuri limo katika kila simu. Hata hivyo bahasha ni ile ile. Majuzi kijana mmoja hodari wa vina alinijia nimpitishie utungo wake wa kumsifu mgombea. Vina vilikuwa safi, mizani timamu. Nilimuuliza swali la mwalimu wangu, akanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Nikampa ubeti huu aende nao:

Kura si ya kununuwa, si samaki wa mnada,
Mwenye kuitowa huwa, katowa yake shahada,
Nasi tunaosifuwa, tuna deni si faida,
Na ulimi ni amana, mwenyewe huulizika.

Bi mkubwa yule ametangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Hadi siku aliyofariki, maji ya nyumbani kwake yalikuwa ya mkokoteni. Deni lake sikulilipa.