Malaika: Wimbo uliotoka Nairobi ukamwacha mwenyewe nyuma

KEKI ilikuwa karibu kukatwa katika arusi moja mtaani Umoja, Nairobi, pale mwendesha muziki alipoweka Malaika. Wazee waliokuwa wamechoka kusubiri pilau wakaanza kutikisa vichwa. Mpwa wangu aliye kidato cha tatu akaniinamia sikioni. "Mjomba, huyu si Miriam Makeba?" Binamu yake, mwanafunzi wa chuo kikuu, akakataa katakata na kusema ni Angélique Kidjo. Mama mmoja wa meza ya pili akawacheka wote wawili. Kwake yeye Malaika ni Boney M., basi. Ndipo mzee aliyeketi nyuma yetu akaingilia kati.

"Hao wote walikuja baadaye," akasema. "Mwenyewe ni Fadhili William."

Kijana wangu alikuwa amepatia. Sauti iliyokuwa ikisikika ilikuwa ya Makeba, pamoja na Harry Belafonte, kutoka kwa albamu yao ya mwaka 1965 iitwayo An Evening with Belafonte/Makeba. Mzee naye alikuwa amepatia, ingawa si moja kwa moja, kama tutakavyoona. Ni jambo la kustaajabisha kwamba wimbo unaojulikana kila pembe ya dunia, tena wa Kiswahili, unaweza kuzua ubishi wa namna hii mezani kwa Wakenya.

Turudi nyuma kidogo, msomaji. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Nairobi ilikuwa inachangamka. Uhuru ulikuwa mlangoni, vijana walikuwa wakicheza twist, na redio ilikuwa imeanza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilichukuliwa na serikali na kupewa jina la Sauti ya Kenya. Kulikuwa na studio kadhaa za kurekodi, na iliyovuma zaidi ilikuwa Equator Sound, iliyoendeshwa na Mwingereza kwa jina Charles Worrod. Hapo ndipo walipokutana watu kama Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na wageni wawili kutoka Zambia, Peter Tsotsi na Nashil Pichen Kazembe. Kiongozi wao mmoja alikuwa kijana wa Taita, aliyezaliwa mwaka 1938, kwa jina Fadhili William Mdawida.

Wanamuziki wetu wengi hawakutoa albamu nzima siku hizo. Walitoa santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule. Ikivuma, ilipigwa redioni na katika mabaa hadi sindano ikaikwaruza. Isipovuma, studio iliita kijana mwingine. Fadhili alikuwa ameirekodi Malaika akiwa na kundi lake la Jambo Boys, kisha ikarekodiwa tena chini ya Equator. Ni rekodi isiyo na makuu: gitaa, mwendo wa taratibu, na sauti ya kijana anayezungumza kama anayeona haya.

Mahari

Anachosema kijana huyo kila Mswahili anakielewa. Anampenda msichana, angependa kumwoa, lakini hana mali. Umaskini ndio uliowatenga. Ndiyo maana hushangaa kila ninapousikia ukipigwa arusini, mahali ambapo mahari imekwisha kulipwa na bwana arusi ameketi kwa raha zake. Wimbo huu kwa kweli ni wa yule ambaye hakualikwa.

Sasa tuvuke bahari. Miriam Makeba, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1932, alikuwa ameondoka kwao mwaka 1959. Mwaka uliofuata mamake alifariki, na alipotaka kurudi kumzika aligundua kwamba pasipoti yake ilikuwa imefutwa. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi. Serikali ya makaburu ikajibu kwa kumnyang'anya uraia na kupiga marufuku nyimbo zake. Hakukanyaga tena nyumbani hadi mwaka 1990.

Aliyemshika mkono huko Marekani alikuwa Belafonte, mwana wa Harlem, ambaye albamu yake ya Calypso ya mwaka 1956 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni moja. Kwa Wakenya, Belafonte hakuwa mgeni kabisa. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta pesa za kuwasafirisha wanafunzi kwenda kusoma Marekani, Belafonte alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi barua ya kuomba michango, pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Ndege ya kwanza iliwabeba vijana 81. Makeba naye alizuru Kenya mwaka 1962 kusaidia kuchangia harakati za uhuru. Kwa hivyo si ajabu kwamba walipoingia studio pamoja, wimbo mmoja wa Kiswahili uliingia nao.

Jina la albamu hiyo linadanganya kidogo. Mtu hudhani ni tamasha la usiku mmoja, watu wakipiga makofi, kumbe ilirekodiwa studioni. Isitoshe, katika nyimbo 12 zilizomo, wawili hao wanaimba pamoja mbili tu. Nyingine wamegawana, huyu akiimba wake na yule wake. Aliyezipanga ala alikuwa Mwafrika Kusini mwingine aliyekuwa ughaibuni, mpiga tromboni Jonas Gwangwa, na mkono wake unasikika: kwaya inajibu kama watu wa kijiji kimoja, na ala hazimfuniki mwimbaji.

Na nyimbo zenyewe si za kuchezacheza. Khawuleza ni kilio cha watoto wa mitaa ya Waafrika wakiwaonya mama zao waharakishe, polisi wanakuja. Makeba alikijua kilio hicho tangu alipozaliwa. Alikuwa mchanga wa siku 18 tu mamake alipokamatwa kwa kupika pombe ya kienyeji, akafungwa miezi sita pamoja na mtoto. Nongqongqo unawataja kwa majina viongozi waliotiwa mbaroni, akina Sobukwe, Luthuli, Mandela na Sisulu, mwaka mmoja tu baada ya Mandela na Sisulu kuhukumiwa kifungo cha maisha. Ndodemnyama unamwonya waziri mkuu Verwoerd ajihadhari na mtu mweusi. Mtungaji wake, Vuyisile Mini, alikuwa amenyongwa Pretoria mnamo Novemba 1964. Hebu fikiria, msomaji: mtungaji amenyongwa, na miezi michache baadaye wimbo wake umo katika maduka ya New York.

Katikati ya hayo yote, upande wa pili wa santuri, baada ya watoto kumaliza kuwaita mama zao, ndipo inapoingia Malaika. Ni mojawapo ya zile mbili wanazoimba pamoja. Wengine husema iliwekwa pale kumpumzisha msikilizaji. Mimi sikubaliani nao. Katika albamu inayozungumzia watu walionyimwa ardhi, kura na hata ruhusa ya kutembea, kijana anayenyimwa mke kwa kukosa mali amefika kwao kabisa. Halafu kuna hili: Fadhili aliimba peke yake, malalamiko ya mwanamume. Makeba na Belafonte walipoimba wawili, msichana naye akapata sauti. Ghafla si mmoja anayeumia.

Kiswahili chao hakikunyooka kila mahali, na sikio la mtu wa pwani hukiona kisigino. Lakini ni nani aliyejali? Mwezi Machi 1966 albamu hiyo ilishinda tuzo ya Grammy katika fungu la muziki wa kiasili, na Makeba akawa mwanamuziki wa kwanza kutoka Afrika kuipata. Mwaka 1967 kundi la Uswidi liitwalo Hep Stars, ambalo mpiga kinanda wake Benny Andersson alikuja kuwa mmoja wa ABBA, liliuimba kwa lugha ya kwao na ukawika nchini humo. Boney M. walifuata mwaka 1981, na Kidjo akautia katika albamu yake ya Logozo mwaka 1991.

Shilingi kumi

Hapa ndipo swali la mfuko linapoingia. Santuri inapouzwa, kuna malipo ya mwimbaji, na kuna malipo mengine, mrabaha, ambayo humwendea mtungaji au kampuni inayoshika haki zake. Mwimbaji akibadilika, mtungaji habadiliki. Kwa hivyo mtu aliyetunga wimbo mmoja ukaimbwa na makundi mia anaweza kula hadi uzeeni, mradi jina lake liwe limeandikwa mahali panapofaa. Lakini wimbo ukiandikwa kuwa ni wa kienyeji, wa mababu, usio na mwenyewe, basi fungu hilo hulichukua yeyote anayedai kwamba ameupanga upya. Miaka ya sitini, nyimbo za Afrika zilipokuwa zikipendwa sana Marekani, hila hiyo ilitumika mno.

Mfano unaotajwa sana ni wa Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi Mbube mwaka 1939. Alilipwa shilingi kumi na kuziacha haki kwa kampuni. Mwaka 1961 wimbo huo, ukiwa umevishwa maneno ya Kiingereza, ulivuma ulimwengu mzima kwa jina la The Lion Sleeps Tonight. Linda alifariki maskini mwaka uliofuata. Jamaa zake walipata suluhu mwaka 2006, miaka 44 baada ya kumzika.

Na kwetu je? Malaika ilipotoka katika albamu ya Belafonte na Makeba, Kenya huru haikuwa bado na sheria yake ya hakimiliki. Ilipitishwa mwaka 1966. Chama cha kukusanya mrabaha wa wanamuziki kiliundwa mwaka 1983, wakati Boney M. walikuwa wamekwisha kuimba na kwenda zao. Wanamuziki wa kizazi cha Fadhili waliingia studio wakitafuta kusikika kwanza. Mambo ya mikataba yalikuwa ya mzungu na karatasi zake. Kabaka mwenyewe aliona wimbo wake Helule Helule ukiimbwa na vijana wa Kiingereza, The Tremeloes, ukafika nambari 14 nchini Uingereza mwaka 1968. Ukiuliza leo mtaani Helule Helule ni ya nani, utashukuru ukipata mmoja kati ya kumi anayejua.

Tatizo la Malaika lina mkunjo mwingine. Nilisema mzee wa arusini hakupatia moja kwa moja. Wengi wanakubali kwamba Fadhili ndiye aliyeirekodi kwanza na kuipeleka kwa watu. Lakini Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi zamani, alidai kwamba aliitunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda na kumkosa kwa sababu ya mali. Grant Charo, aliyekuwa karibu na Fadhili, naye alitajwa katika mvutano huo. Kila upande una mashahidi wake, na wengi wao wamekwisha kufa. Mimi binafsi naona madai ya Salim si ya kupuuzwa, kwa kuwa yanafanana mno na wimbo wenyewe. Lakini pia vijana wangapi Afrika Mashariki wamekosa wachumba kwa ajili ya mahari? Kufanana pekee hakutoshi kuwa ushahidi.

Fadhili alihamia Marekani, akaishi huko miaka mingi, akarudi nyumbani na kuaga dunia Februari 2001. Kabaka alimfuata Novemba mwaka huo huo. Makeba alianguka baada ya kuimba katika tamasha nchini Italia mnamo Novemba 2008, akafariki. Belafonte aliaga dunia Aprili 2023 akiwa na umri wa miaka 96.

Pale arusini mzee hakutosheka na maneno. Alimwita mwendesha muziki, akamwinamia, wakapekua simu pamoja kwa dakika nyingi, mzee akitaja jina na kijana akiliandika vibaya. Hatimaye gitaa la Fadhili likasikika, hafifu, likikwaruza kidogo. Pilau ilikuwa imeanza kupakuliwa na wengi walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Mpwa wangu alibaki kitini.

"Mjomba," akaniuliza wimbo ulipokwisha, "kwani yule msichana aliolewa na nani?"

Nikamwambia achukue sahani kabla nyama haijaisha.