'Ni kweli': Maneno mawili yaliyomkosesha beshte yangu kazi

Beshte yangu mmoja alisema "ni kweli" mbele ya hakimu akiwa na miaka 20. Hiyo ilikuwa 2021. Alikuwa ameiba chaja na pawabenki kwenye duka la simu, vitu vya kama Sh2,500. Alilala seli usiku mmoja, na waliomtangulia mle ndani wakampa ule ushauri ambao hata wewe umewahi kuusikia: kesho ukisomewa mashtaka kubali tu, upigwe faini uende nyumbani. Ukikataa, utasukumwa rumande na kesi ikokotwe hadi uzeeke.

Basi akasomewa, akajibu. Upande wa mashtaka ukaeleza jinsi alivyonaswa, akaulizwa tena, akasema ni kweli. Faini Sh10,000. Mamake akakimbia kwa chama na majirani, na jioni jamaa akawa nyumbani anakula chapati. Sote tulidhani imeisha.

Miaka mitatu baadaye akapata kazi ya ulinzi mjini. Wakamwitisha cheti cha maadili mema, kile cha DCI ambacho lazima upigwe alama za vidole. Kikatoka na ule wizi umeandikwa. Kazi ikaenda. Siku hizi yuko mjengo, siku ambazo mjengo upo.

Kinachoniuma ni kwamba kulikuwa na njia nyingine na hakuna aliyemwambia. Wanasheria huiita daivasheni. Maana yake ni kwamba kesi yako inaondolewa kwenye reli ya korti, unapewa masharti, na ukiyatimiza hushtakiwi. Hakuna hukumu, kwa hivyo hakuna rekodi ya uhalifu. Ukiyapuuza, unarudishwa kortini kama kawaida.

Usidhani ni ujanja wa mtaani. Katiba, kifungu cha 157, inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mamlaka ya kuamua nani ashtakiwe, na 2019 afisi yake ilitoa sera na mwongozo wa daivasheni. Mwenye kauli ya mwisho hapa ni kiongozi wa mashtaka. Karao anayekuvuta kando na kukuambia "tumalizane" anakuuzia kitu kingine kabisa, na ukishampa chapaa huna hata karatasi ya kuonyesha.

Sasa sikiza vizuri hapa, maana ndipo watu huchanganyikiwa. Hata kwenye daivasheni lazima ukubali ulifanya kosa. Kuna kukubali na kukubali, jo. Ukisema "ni kweli" kortini, umejitia hatiani na hakimu anakuhukumu. Ukikubali kwa daivasheni, unakubali kuwajibika ili mambo yarekebishwe: uombe msamaha, ulipe ulichoharibu, ufanye kazi ya jamii au upate ushauri nasaha. Na lazima uwe umeridhia mwenyewe bila kutishwa.

Kama hukufanya, usikubali popote. Kataa, na kesi iendeshwe. Halafu ushahidi nao lazima uwe wa kutosha kukushtaki. Kesi isiyo na miguu inafaa kutupwa, si kugeuzwa masharti ya kumfunga mtu asiye na hatia.

Najua unauliza: na mwenye duka je? Mimi pia niliuliza, maana nimewahi kuibiwa simu na sikutaka kusikia habari za msamaha. Lakini hesabu mwenyewe. Ile Sh10,000 ya faini iliingia serikalini. Pawabenki ilirudi dukani imevunjika na mwenye duka hakuona hata shilingi. Kwa daivasheni, mwathiriwa anaulizwa maoni yake, na anaweza kulipwa fidia. Kwangu mimi hiyo inaeleweka kuliko faini.

Si ya kila mtu, lakini. Ukikamatwa kwa mauaji, ubakaji au wizi wa mabavu, usitarajie. Hata kwa makosa madogo unaomba tu, wanaweza kukataa. Kwa walio chini ya miaka 18, njia hii imeandikwa ndani ya Sheria ya Watoto ya 2022, na mzazi au mlezi huhusishwa.

Kwa hivyo, wewe au ndugu yako akinaswa leo? Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, kwa hivyo muda ni mfupi. Ana haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili. Kama hamna pesa ya wakili, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mwambieni wakili, au mmwendee kiongozi wa mashtaka wenyewe, na muulize kuhusu daivasheni kabla mtu hajajibu mashtaka. Litamkeni hilo jina. Mimi si wakili, hata chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, lakini kuuliza hakuhitaji digrii.

Juzi nilimweleza mamake beshte yangu haya yote. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa hiyo afisi, mwanangu, ilikuwa wapi siku ile?"

Nikamwambia ilikuwa mle mle kortini. Yule aliyesimama kusoma makosa ya mwanawe ndiye angeulizwa.