Chakula cha moto kisitiwe kwenye plastiki

Mwaka 1998, katika maabara ya Patricia Hunt huko Cleveland, Marekani, panya ambao hawakuwa wamepewa dawa yoyote walikutwa na mayai ya uzazi yenye kromosomu zilizovurugika. Kumbe vizimba na chupa zao za maji vilikuwa vimeoshwa kwa sabuni kali ya sakafu; plastiki ikaharibika, na kemikali iitwayo bisfenoli A, kwa kifupi BPA, ikavuja na kuwaingia.

BPA hutengenezewa polikaboneti, ile plastiki ngumu ing'aayo ya madumu makubwa ya maji ya kunywa maofisini. Imo pia kwenye utando unaopakwa ndani ya baadhi ya makopo ya chakula. Miaka ya 1930, Mwingereza Charles Dodds alikwisha kuonyesha kwamba inaiga estrojeni, homoni ya kike. Yaani tabia yake ilijulikana kabla haijaingia jikoni, na hilo linaudhi. Zipo pia thaleti, zinazolainisha plastiki ya PVC. Hizo hazikushikamana na plastiki yenyewe, hivyo chakula chenye mafuta huzivuta kwa urahisi.

Mkojo wa watu zaidi ya 2,500 uliopimwa Marekani kati ya 2003 na 2004 ulikutwa na BPA kwa asilimia 93 yao. Lakini mwili hauihifadhi. Sehemu kubwa hutoka na mkojo ndani ya siku moja. Tukizidi kukutwa nayo ni kwa sababu kila siku tunaila upya. Katika utafiti uliochapishwa 2011, watu 20 wa familia tano za California walikula kwa siku tatu vyakula visivyotoka kwenye kopo wala plastiki, na BPA katika mikojo yao ikashuka kwa wastani wa asilimia 66. Siku tatu tu!

Sasa tazama mazoea yetu. Wali hufunikwa kwa mfuko wa nailoni sufuria ikiwa motoni. Chipsi hutolewa kwenye mafuta yanayochemka zikatumbukizwa mfukoni. Mifuko hiyo kwa kawaida ni ya polithini, isiyohitaji BPA, kwa hiyo si haki kusema plastiki zote ni sumu moja. Lakini hutiwa rangi na viongezeo vingine, na iliyotokana na plastiki iliyorejelezwa huweza kubeba mabaki ambayo mnunuzi hana njia ya kuyajua. Ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba, hata ikisuguliwa vipi, haikutengenezwa kwa maji ya kunywa. Joto, mafuta, uchachu na kukaa muda mrefu ndivyo vinavyozidisha kuvuja.

Mamlaka za usalama wa chakula hazijakubaliana kuhusu BPA. Ya Marekani inashikilia kwamba kiasi tunachokula ni salama. Ya Ulaya, mwaka 2023, ilishusha mara 20,000 kiwango cha BPA kinachovumilika kwa siku, na mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku yake kwenye vyombo vya chakula. Naona Ulaya wamefanya sawa: ukuaji wa mtoto, tangu tumboni, huongozwa na homoni, na si yeye wa kufanyiwa majaribio.

Wazazi wenye watoto wadogo, anzeni na uji: upoeni kwenye bakuli la udongo au la chuma kabla ya kuutia kwenye chupa ya plastiki. Na sufuria ya wali ifunikeni kwa mfuniko wake.