Simu Ijibuyo Yenyewe na Sarufi ya Maneno Yake

Simu nyingi zipigwazo leo kwenda katika mabenki, mahospitali na afisi za serikali hupokewa kwanza na sauti iliyorekodiwa, wala si na mtu. Sauti hiyo humtajia mpigaji mambo anayoweza kuyataka, kila jambo na tarakimu yake; naye hubonyeza tarakimu moja akapelekwa panapomhusu. Kazi ya kuupanga utaratibu huo hudhaniwa kuwa ni ya mafundi peke yao. Katika Kiswahili, lakini, sehemu iliyo ngumu si ya mitambo bali ni ya sarufi, na makosa yake humfika mtu asiyeweza kumwuliza mtambo, "Umesemaje?"

Yafaa kwanza kufahamu mtambo wenyewe. Mojawapo wa zinazotumika sana ni programu ya Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999, nayo hupatikana bila ya malipo. Katika simu nyingi za intaneti sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, kisha hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, na kupelekwa kipande kipande. Kila kitufe cha simu nacho hutoa milio miwili kwa pamoja: kitufe cha 1, mathalan, hutoa mlio wa hezi 697 na wa hezi 1209. Milio hii ilianza kutumiwa na wateja wa simu Marekani mwaka 1963. Kwa kuwa njia zinazobana sauti huiharibu, desturi iliyowekwa rasmi mwaka 2000, na kusahihishwa mwaka 2006, ni kupeleka habari ya kitufe mbali na sauti. Pande mbili zisipopatana juu ya jambo hili, mpigaji atabonyeza na mtambo hautasikia neno.

Mpango wa majibu huandikwa hatua kwa hatua. Mtambo hupokea simu, hucheza maneno, hungoja, kisha hufuata tarakimu iliyobonyezwa. Hapa pana amri mbili zisizofaa kuchanganywa. Iitwayo Playback hucheza maneno mpaka mwisho bila ya kusikiliza vitufe. Iitwayo Background hucheza huku ikisikiliza, na mpigaji aijuaye njia yake halazimiki kungoja. Tena hapana budi kuandika mambo mawili yanayosahauliwa mara nyingi: mtambo ufanye nini tarakimu ikiwa haimo katika mpango, jambo lionyeshwalo kwa herufi i, na ufanye nini mpigaji akinyamaza, lionyeshwalo kwa herufi t. Mpango usio na hayo humkatia simu mzee aliyechelewa kukiona kitufe.

Sasa maneno yenyewe. Mfano uwe wa hospitali. Wengi hutafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza na kuandika, "Kwa malipo, bonyeza mbili." Maneno "kwa malipo" katika Kiswahili hufahamika pia kuwa jambo litendekalo kwa kutoa fedha, maskini aliyepiga simu akiwa na salio dogo aweza kudhani kwamba kubonyeza kwenyewe kuna gharama, akakata. Lililo sawa ni, "Ukitaka kuuliza habari za malipo, bonyeza mbili." Zaidi ya hayo, sentensi ya "uki-" hutanguliza haja na kuweka tarakimu mwisho, na ndivyo ifaavyo sikio: mtu akiisha kuitambua haja yake, tarakimu aisikiayo mara hiyo ndiyo akumbukayo. Vitufe viwili visivyo na tarakimu vina majina yaliyokwisha zoeleka Tanzania, nyota na reli. Hapana haja ya kubuni mengine.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa hesabu. Mtambo hauna sentensi nzima kwa kila idadi. Huunga vipande vilivyorekodiwa mbali mbali. Kwa Kiingereza kipande kimoja cha "mbili" chatosha kwa vitu vyote. Katika Kiswahili moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli ya jina: watu wawili, miezi miwili, vyeti viwili, madirisha mawili, na mwafaka huo huendelea hata katika hesabu kubwa, kama watu ishirini na mmoja. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Basi mtambo usemao "watu mbili" haukukosa fundi. Umekosa mtu wa lugha.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kurekodi tarakimu hizo sita kwa kila ngeli itakayotumika. Ya pili, iliyo nyepesi, ni kuchagua maneno ambayo hesabu yake haigeuki: majina kama dakika, siku, simu na shilingi, au neno "namba" mbele ya tarakimu. Badala ya kusema "Wako watu watatu mbele yako," mtambo waweza kusema, "Idadi ya simu zilizotangulia ni tatu". Na hata idadi ikiwa moja, kitenzi hakibadiliki.

Ama saa, hatari yake ni kubwa zaidi. Kompyuta huhesabu tangu katikati ya usiku. Kliniki ikifunguliwa saa 9:00 ya kompyuta na mtambo ukaisoma tarakimu hiyo kama ilivyo, utasema "saa tisa". Mgonjwa atafika alasiri, saa sita baada ya wakati wake. Kanuni ya kugeuza ni rahisi: ongeza sita kwenye saa ya kompyuta, toa kumi na mbili kila iwezekanapo, na ikibaki sifuri sema kumi na mbili. Hivyo 9 huwa tatu, 15 huwa tisa, na 18 huwa kumi na mbili. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku huchaguliwa kwa saa ya awali, kabla ya kugeuza.

Mwisho ni matamshi. Sauti iliyopimwa mara 8,000 kwa sekunde haiwezi kubeba milio ipitayo hezi 4,000, na sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu ya hapo. Maneno sita na tisa yana irabu zile zile, basi hukaribiana mno katika simu. Kenda lingetofautika vizuri, ila wengi siku hizi hawalijui. Afadhali msomaji atamke sita na tisa polepole, kisha rekodi isikilizwe kwa simu yenyewe, na mtu asiyeuona mpango, kabla ya kufunguliwa kwa watu wote.