Mukuju, mahali pa kula bila haraka

"MWALIMU, nani anakufukuza?"

Swali hilo niliulizwa na mchuuzi wa njugu katika hoteli moja ndogo hapa Mukuju, kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale. Nilikuwa nimemaliza ugali wangu wa wimbi na kunde kabla wenzangu hawajafika nusu ya sahani. Meza nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

Nilivuka Malaba nikiwa mtoto mwaka 1987, wakati wa vita vya Teso, nikasomea Kenya. Tulikohifadhiwa, chakula kililiwa upesi na kwa kimya. Watu wengi, sufuria moja. Nilirudi nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, lakini tumbo langu lilikuwa bado ukimbizini.

Siku hizi tunakutana wanne kila Jumamosi. Tunaketi saa saba mchana na kuondoka jua likizama. Mama mwenye hoteli hasongi ugali mpaka uagize, na mchuzi wake wa njugu haujui haraka. Baada ya kula, tunahamia kwenye chungu cha malwa, pombe ya wimbi ambayo Waiteso huiita ajon. Kila mtu huchukua mrija wake mrefu. Si adabu kuushika kwa mkono wa kushoto wala kupuliza ndani. Maji ya moto huongezwa tena na tena, na wimbi hutoa nguvu yake kidogo kidogo.

Mazungumzo nayo ni hivyo hivyo. Maji ya kwanza ni bei ya njugu, shilingi ya Kenya na foleni ya malori mpakani. Maji ya pili ni karo na matanga, maana ndugu zetu wako pande zote mbili za mpaka. Maji ya tatu ndiyo yenye mambo.

Ni katika maji ya tatu, Jumamosi moja, ambapo yule mchuuzi aliachilia mrija wake akasema: "Mwalimu, lile shamba lenu. Mzee wangu alililima tusife njaa. Mwembe wa babu yako hakuukata."

Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu nirudi. Yeye pia alijua kwamba najua. Tulikuwa tumesalimiana miaka mingi huku limetukaa kooni. Wiki iliyofuata wazee walitembea nasi shambani, ikapandwa mimea ya mpaka. Kipande cha bondeni bado hatujakubaliana, lakini tunabishana tukiwa tumeshiba, na hakuna aliyekwenda kortini.

Baa za Uganda zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi Januari 2022, wengi walidhani tumekosa pombe. Tulichokosa hasa ni mahali pa kusemea.

Ndugu msomaji, wewe unayepitia hapa ukikimbilia Malaba au Busia, najua mzigo unaoza na dereva anapiga honi. Hata hivyo, tenga siku moja. Nawa mikono, agiza, ngoja. Na wewe uliyerudi kama mimi, usile kana kwamba lori linaondoka. Tumeshafika nyumbani.

Jumamosi ijayo tutaongea habari za bondeni. Zamu ya kulipa ni yangu.