Ang Rita na mlima unaorefuka Desemba

Ang Rita Sherpa alipofariki Kathmandu, Septemba 2020, akiwa na miaka 72, kila taarifa ilitaja namba moja: kumi. Kati ya 1983 na 1996 alifika mara kumi kwenye kilele cha Everest, mita 8,849, bila mtungi wa oksijeni, na Guinness wakamwingiza kwenye kitabu chao. Hadi anafariki hakuna aliyekuwa ameivunja rekodi hiyo. Lakini kwa sisi tunaoitazama milima kupitia mapafu na damu, kumi si kitu kikubwa kuliko siku moja iliyomo ndani yake: tarehe 22 Desemba 1987.

Kwanza hewa yenyewe. Tumezoea kusema kwamba mlimani oksijeni ni haba, lakini mchanganyiko wa hewa haubadiliki. Oksijeni ni asilimia 21 hivi pale Tanga, na ni asilimia hiyo hiyo juu ya Everest. Kinachoshuka ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na kadiri unavyopanda sehemu kubwa yake unaiacha chini yako. Ile inayobaki haina nguvu ya kutosha kuisukuma oksijeni kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Pwani mgandamizo ni milimita 760 za zebaki. Pale Uhuru, kileleni Kilimanjaro, ni kama nusu ya hapo, na aliyefika anakumbuka alivyosimama kuhema kila baada ya hatua chache.

Oktoba 1981 daktari Mmarekani, Christopher Pizzo, alipanda Everest na kipimo mfukoni. Kilisoma 253, theluthi moja ya pwani. Akiwa palepale juu alikusanya pia sampuli za pumzi yake mwenyewe. Mtu aliyetulia pwani huwa na hewa ukaa ya milimita 40 hivi ndani ya mapafu. Ya Pizzo ilikuwa chini ya nane. Maana yake alikuwa akihema kwa kasi kubwa mno, akiifukuza hewa ukaa karibu yote ili oksijeni ipate nafasi. Katika hali hiyo hata kufunga kamba ya kiatu ni kazi nzito.

Na hiyo 253 tunaipata kwa bahati ya jiografia. Jedwali la kawaida la angahewa linakadiria 236 kwa urefu huo. Everest umepona kwa kuwa uko karibu na ukanda wa joto, latitudo 28 kaskazini, ambako tabaka la hewa ni nene kuliko karibu na ncha za dunia. Ungehamishiwa Alaska, sidhani kama kuna mtu angeufikia bila mtungi. Tabaka hilo hujaa wakati wa joto na kusinyaa wakati wa baridi: kileleni wastani wa Julai ni kama milimita 255, Januari 243. Tofauti inaonekana ndogo, ila kwa mwili ulioko ukingoni ni sawa na kuuongezea mlima mita mia tatu hivi.

Kwa hiyo Reinhold Messner na Peter Habeler, walioushangaza ulimwengu Mei 1978 kwa kupanda bila oksijeni, walikuta mlima mfupi kidogo. Wapolandi wawili, Krzysztof Wielicki na Leszek Cichy, waliupanda katikati ya baridi, Februari 1980, lakini wakiwa na mitungi. Ang Rita, akifanya kazi na msafara wa Wakorea, aliyaunganisha mawili hayo: baridi, na mikono mitupu. Anatambuliwa kuwa wa kwanza. Wapo wanaonung'unika kwamba majira ya baridi kwenye kalenda yalikuwa ndiyo kwanza yameanza. Wanung'unike tu; kipimo cha hewa hakisomi kalenda.

Inasimuliwa kwamba siku ile hali ya hewa iliwapoteza njia, yeye na Heo Young-ho wa msafara huo, wakakesha chini kidogo ya kilele wakifanya mazoezi ya viungo ili wasigande. Hapa ndipo mtaalamu anaposhika kichwa. Mwili hutengeneza joto kwa kuchoma chakula, na bila oksijeni moto huo hufifia. Damu hukimbilia kwenye moyo na ubongo, vidole vinaachwa. Ukijitikisa upate joto, unatumia oksijeni ambayo huna. Nje kote huko ni giza, hakuna pa kukimbilia, na bado walishuka wakiwa hai.

Jeni zina mchango wake. Sisi wa mabondeni tukikaa juu, mwili hufyatua chembe nyekundu nyingi hadi damu inakuwa nzito kama uji. Watibeti wengi, na Washerpa wenye asili hiyohiyo, wana umbo la jeni ya EPAS1 linalozuia ziada hiyo. Tena misuli yao hutumia oksijeni kwa ubanifu zaidi. Hata hivyo, naona watu wanaikimbilia jeni upesi mno. Thame, eneo alikozaliwa Ang Rita, kuna wengi wenye damu hiyo, lakini yeye alikuwa mmoja tu.

Ang Rita hakusoma shule. Alianza upagazi akiwa na miaka kama 15, na Everest ilikuwa kibarua chake: kubeba hema, kufunga kamba, kupandisha mitungi ambayo wengine wangevuta. Messner alichagua siku na njia yake. Ang Rita alipanda mwajiri alipotaka, Desemba ikiwemo.

Kami Rita Sherpa, naye wa Thame, alifikisha mara 30 mwezi Mei 2024, akitumia oksijeni kama wafanyavyo Washerpa wengi walio kazini siku hizi. Nani atamwambia mfanyakazi aache mtungi ili sisi tupate rekodi ya kusoma? Thelathini ile na kumi ile hazipimwi kwa mizani moja.